Boti ndogo ya umbo la tagi kwa safari za pwani: nimejaribu moja, bahari ya nyuma imenitia shaka

#1 MsafiriWaPwani
Wakuu, salaam. Natafuta boti ya watu wawili, mara mojamoja wanne, ya kutembea pwani kwa pwani: kung'oa nanga asubuhi, kwenda maili 25 hadi 40 za bahari, jioni kutia nanga horini na kulala humo humo. Nimezipenda hizi zenye sura ya tagi, yaani zile boti za kuvuta meli bandarini, ila hizi ni za matembezi. Chumba cha usukani kimesimama wima, omo (sehemu ya mbele) imenyanyuka, mlango uko ubavuni, na juu ya paa kuna bomba la moshi. Nataka futi 25 hadi 27, mashine moja ya dizeli, ya ndani.

Jumamosi nilijaribu moja iliyotumika, ya futi 26. Sitaitaja kampuni wala muuzaji. Wakati wa kwenda mawimbi yalikuwa mbele, tukaenda noti 7 (maili 7 za bahari kwa saa), kimya, raha tupu. Wakati wa kurudi upepo ule ule ulikuwa nyuma, kidogo ubavu wa kulia, na boti ikawa nyingine kabisa. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inanyanyuliwa, inasukumwa kando, nazungusha usukani huku na kule, nayo inachelewa kuitika. Mawimbi hayakufika hata mita moja. Mke wangu alikaa chini, akashika mguu wa meza hadi tunaingia.

Swali langu: hii ni tabia ya umbo la tagi, au ni boti ile tu? Nisije nikanunua sura.

#2 Baharia77
Utanunua sura, mkuu. Hii fasheni imeletwa na kampuni ya Ranger Tugs miaka ya 2000, haina historia ya bahari. Tafuta boti ya kawaida ya uvuvi, uitie vitanda.

#3 SerahangiMstaafu
Baharia77, hapo sahihisha. Nordic Tug ya futi 26 ilioneshwa kwa watu Seattle mwanzoni mwa 1980, ramani yake ilichorwa na Lynn Senour. Mafuta yalikuwa yamepanda bei mwaka uliotangulia, watu wakataka boti ya kwenda polepole kwa mashine ndogo. Miaka hiyo hiyo ya 1980 ikatoka Lord Nelson Victory Tug ya futi 37. Hizo ni zaidi ya miaka 40 majini, na nyingine bado zinatembea.

Sasa nimjibu mwenye uzi. Nimekula chumvi ya tagi za kweli miaka 19. Tagi ya kweli ni nzito, imezama sana, rafadha yake (pangaboi la majini) ni kubwa na inazunguka taratibu, usukani wake, yaani lile bapa la majini linalogeuza chombo, mpana kama mlango. Ndoano ya kuvutia imewekwa karibu na katikati ya chombo, si mwisho wa tezi, ili tagi iweze kugeuka huku kamba imekaza. Sitaha ya nyuma iko chini kwa sababu kamba inapita pale. Kila kitu kina kazi yake.

Boti unayoisema imechukua nusu ya juu ya tagi. Chini ya maji ni kitu kingine. Nyingi zina omo kali inayopasua maji, halafu kuanzia katikati kwenda nyuma tumbo linalala, karibu na tezi ni bapa na pana, kingo zimekatwa. Umbo hilo linasaidia boti ikiongezewa mashine iende noti 12 au 15. Lakini wimbi likija nyuma linakuta ubao mpana wa kusukuma. Linaunyanyua, omo inazama, boti inataka kugeuka ubavu. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokupata.

#4 DiraKavu
Mimi naona ulikuwa unaikimbiza. Kuna kanuni ya kikomo cha kasi ya boti kama hii: 1.34 mara kipeuo cha pili cha urefu wa boti pale inapogusa maji. Boti yako ina kama mita 7.6 majini, kipeuo ni 2.76, jibu noti 3.7. Ulikwenda karibu mara mbili ya uwezo wake. Ingeachaje kuyumba?

#5 MwanaHisabati
DiraKavu, 1.34 ni ya futi. Mita 7.6 ni kama futi 25, kipeuo ni 5, mara 1.34 unapata noti 6.7. Ukitaka kutumia mita, kizidisho ni 2.43, na jibu linakuwa lile lile. Kwa hiyo noti 7 ilikuwa pale pale ukingoni, si kuikimbiza.

Ila kasi bado ina neno, kwa njia nyingine. Wimbi la bahari kuu huenda kama noti 3 kwa kila sekunde ya muda wake. Mawimbi mafupi ya karibu na pwani, yenye sekunde 3 kati ya kilele na kilele, yanakwenda noti 9 na yana urefu wa mita 14 hivi. Wewe unakwenda 7, wimbi 9. Linakupita kwa noti 2 tu, ambazo ni kama mita moja kwa sekunde. Maana yake kila wimbi linakaa na wewe sekunde 13 au 14 kabla ya jingine kuchukua zamu. Wakati wa kwenda, wimbi lile lile lilikuwa linapita chini yako chini ya sekunde 2, halina muda wa kukufanya chochote.

Na kuna baya zaidi: kwenye kilele cha wimbi maji yenyewe yanasogea kuelekea wimbi linakokwenda. Usukani ukiwa kwenye kilele, maji yanayoupita yanapungua nguvu, nawe unazungusha huku haujibu. Ungepunguza hadi noti 5 wimbi lingekuacha mapema, ungeona tofauti. Hili lingeipata boti yoyote ya futi 26, ya tagi au isiyo ya tagi.

#6 MsafiriWaPwani
Asante, Mwalimu. Sikupunguza. Kinyume chake niliongeza moto kidogo nikidhani usukani utashika.

#7 SerahangiMstaafu
Kuongeza si kosa daima. Rafadha iko mbele ya usukani, ukitia moto kwa muda mfupi maji yanaupiga usukani na unashika. Kwa muda mfupi tu, halafu unarudisha. Ukiacha hapo juu ndipo unapanda mgongo wa wimbi pamoja nalo.

#8 BintiUsukani
Nina ya futi 25 mwaka wa sita sasa, umbo hilo hilo, na hadithi yako ndiyo hadithi yangu ya mwaka wa kwanza. Naheshimu hesabu za Mwalimu na maneno ya Mzee Serahangi, lakini kwangu tatizo lilikuwa usukani mdogo. Wachoraji wanaweka usukani unaofaa boti ikienda noti 14, kwa sababu kwa kasi hiyo mkubwa unavuta maji na mkono unachoka. Ukienda noti 6 na huo huo, hauna nguvu. Nilimwita fundi, akaongeza sentimita 9 nyuma ya bapa lake lote na akaweka vibao viwili vya mlalo, kimoja juu kimoja chini, ili maji yasikimbilie pembeni. Boti ikawa na adabu. Tumbo ni lile lile, tezi pana ni ile ile.

#9 Baharia77
Dada, na ulipoongeza sentimita 9 hukubadilisha kingine? Maana mwaka wa pili nawe ulikuwa umeshaijua boti.

#10 BintiUsukani
Nilibadilisha wiki moja tu baada ya safari mbaya, Baharia77, sikuwa nimejifunza chochote bado. Lakini nakubali kwamba nilibadilisha pia betri kutoka nyuma kwenda katikati. Zilikuwa nne.

#11 FundiNgama
Nasoma tangu mwanzo na hakuna aliyeuliza boti ilikuwa imebeba nini. MsafiriWaPwani, nijibu haya. Juu ya paa kulikuwa na nini? Tangi la mafuta lilikuwa kiasi gani, na ni moja pana au mawili ya ubavuni? Maji ya kunywa yako wapi? Na vile vibao viwili vya trimu vilivyo chini ya tezi, vya kushusha omo, vilikuwa juu au chini?

#12 MsafiriWaPwani
Fundi, paani kulikuwa na kidau cha mpira na mashine yake ndogo, pamoja na paneli mbili za jua. Tangi la mafuta ni moja, liko chini ya sitaha ya nyuma, limekwenda karibu upana wote wa boti, sindano ilisimama nusu. Maji ya kunywa yako mbele chini ya kitanda, muuzaji alisema ameyajaza. Vibao vya trimu sikuviangalia, hata sikujua vipo.

#13 Baharia77
Kwisha. Mzigo juu ya paa. Ushusheni, boti itatulia.

#14 FundiNgama
Usikimbilie paa. Angalia hivi. Maji yamejaa mbele, tangi la nyuma ni nusu, na kama vibao vilikuwa chini basi omo ilikuwa imebanwa majini kweli kweli. Boti hizi zina omo nyembamba yenye kina. Ikizamishwa, inakuwa egemeo: chombo kinazunguka juu ya omo yake badala ya katikati. Wimbi linasukuma tezi, omo imeshikwa, unapinda. Nimekuta boti tatu zenye malalamiko haya, mbili ziliponywa kwa swichi ya vibao peke yake. Kwenda na mawimbi ya mbele, vibao chini ni sawa. Ukigeuka kurudi, vyote juu kabisa. Muuzaji hakukuambia kwa sababu huenda naye hajui.

Halafu tangi nusu, pana, moja. Mafuta yanakimbia upande boti inapolalia. Athari yake inakua kwa kadiri ya upana wa tangi mara upana mara upana, yaani tangi lenye upana mara mbili lina ubaya mara nane. Kama ndani hakuna kuta za kuzuia, utalisikia.

#15 MwanaHisabati
Kuhusu paa, tupige hesabu badala ya kubishana. Tuseme boti ina kilo 3,500. Kidau, mashine yake na paneli tuseme kilo 90, ziko mita 2 juu ya kitovu cha uzito. 90 mara 2 gawa kwa 3,590, kitovu kinapanda sentimita 5. Kwa boti ndogo si kitu cha kudharau.

Lakini sikilizeni: kitovu kikipanda, boti inayumba polepole zaidi, inalala na kuchelewa kurudi. Haiwi na mishtuko. Kwa hiyo MsafiriWaPwani, jibu lako ni muhimu sana hapa: ilikuwa inakupiga haraka haraka, au inalala na kukaa huko kidogo kabla ya kurudi?

#16 MsafiriWaPwani
Nimemuuliza na mke wangu ili nisijidanganye. Mimi nakumbuka haraka, kama mtu anayekutikisa bega. Yeye anasema ililala na kukaa. Tumekubaliana hivi: tulipopita mdomo wa hori mawimbi yakiwa ubavuni kabisa, ilikuwa haraka. Yalipokuwa nyuma, ilikuwa inakaa.

#17 MwanaHisabati
Basi mna ushahidi wa pande zote mbili. Haraka ubavuni ni kingo zilizokatwa na tumbo bapa: boti inafuata mteremko wa maji. Kukaa wimbi likiwa nyuma kunaweza kuwa paa, tangi, au tu ule muda mrefu juu ya wimbi niliousema kwenye #5.

#18 TangaKuukuu
Wapendwa, mnazunguka mbuyu. Boti ya mashine haina kitu cha kuishika hewani. Mlingoti mfupi tezini na tanga dogo lililokazwa katikati, ndivyo wavuvi walivyotuliza mashua zao tangu zamani. Upepo ukibana tanga, mrama unapungua. Hata boti hizi za tagi nyingine zina mlingoti mdogo tayari, wa taa na rada.

#19 SerahangiMstaafu
TangaKuukuu, ukiulizwa dawa ya jino wewe utasema tanga. Lakini safari hii umesema kweli, kwa upepo wa ubavuni. Upepo wa nyuma tanga hilo linaweza kumwongezea kazi, linasukuma tezi ile ile tunayoilalamikia.

#20 TangaKuukuu
Nimelipokea hilo la upepo wa nyuma. La jino sijalipokea.

#21 KapteniMdogo
Nimechelewa, nimesoma kurasa zote. Kwa nini mkuu ang'ang'anie mashine moja ya ndani? Mbili za nje zinakupa usalama maradufu, moja ikizima unarudi na nyingine. Hata Ranger Tugs wenyewe sasa wana za mashine ya nje.

#22 FundiNgama
KapteniMdogo, katika mashine zote nilizofuata baharini kuzivuta, chanzo nilichokikuta mara nyingi ni mafuta machafu au maji ndani ya mafuta. Mashine mbili zinazonyonya tangi moja zinazima kwa dakika zile zile. Usalama maradufu unaupata ukiwa na matangi mawili, machujio mawili, betri mbili zisizotegemeana. Kwenye futi 26 nafasi hiyo huipati.

Dizeli ya ndani ina faida nne kwa kazi anayoitaka. Rafadha imejificha nyuma ya mkuku (uti wa chini wa boti), kamba na magogo yanagonga mkuku kwanza. Uzito uko chini katikati. Mvuke wake hauwaki ovyo. Wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani (chini kabisa ndani ya boti), ndiyo maana boti ya petroli ya ndani lazima upulize ngama dakika 4 kabla ya kuwasha. Na ulaji: dizeli ndogo inakula kama lita 0.2 kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Kusukuma futi 26 kwa noti 6.5 haihitaji zaidi ya farasi 20, yaani lita 4 kwa saa. Maili 40 ni lita 25 hivi. Ongeza hadi noti 7.5 uone sindano inavyoshuka.

Mashine ya nje nayo ina lake: ikiharibika unaifikia umesimama, na unainyanyua itoke majini ukilala horini, haishiki kutu. Sipingi. Ila anayetaka kwenda polepole siku nzima, ya ndani.

#23 KapteniMdogo
Umenielewesha, Fundi. Na kufunga gatini kwa rafadha moja je? Mimi upepo wa ubavu hunitoa jasho.

#24 BintiUsukani
Hapo ndipo thrasta ya omo, ile rafadha ndogo ya kusukuma omo kando, inapojilipa. Chumba cha usukani kirefu kinashika upepo kama tanga la TangaKuukuu, omo inakimbia kabla hujafunga kamba ya kwanza. Jua pia rafadha yako inazunguka upande gani. Nyingi zinazunguka kulia, ukirudi nyuma tezi inavutwa kushoto. Basi panga kufunga ubavu wa kushoto kila unapoweza, utainama mbele ya gati kama unayeiamkia. Thrasta ikigoma siku moja, na itagoma, huo ujuzi unabaki.

Na ule mlango wa ubavuni ambao watu wanadhani ni pambo: mimi huwa peke yangu mara nyingi. Naacha usukani, hatua mbili niko nje, kamba ya katikati mkononi, nafunga hiyo kwanza, boti haiendi popote. Kwenye boti ya kawaida ningezunguka tezi nzima. Kwa mlango huo peke yake sibadilishi boti yangu.

#25 Baharia77
Na bomba la moshi paani, hilo nalo lina kazi?

#26 BintiUsukani
Kwangu moshi unatoka nyuma na maji ya kupozea, kama boti yoyote. Bomba ni tupu. Nimeweka ndani yake honi na waya za antena, zimekaa pakavu.

#27 DiraKavu
Nina swali la pembeni. Nimeona nyingi zinauzwa "Daraja B". Si maana yake unaweza kuvuka bahari kuu? Kama ni hivyo, mawimbi ya mita moja yasingemsumbua.

#28 SerahangiMstaafu
Hapana, mwanangu. Hayo ni madaraja ya usanifu ya Umoja wa Ulaya. A ni zaidi ya upepo wa nguvu 8 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi ya zaidi ya mita 4. B ni hadi nguvu 8 na mita 4. C ni hadi nguvu 6 na mita 2, hilo ndilo la pwani na ghuba. D ni maji yaliyotulia, sentimita 30 za wimbi. Daraja linasema chombo kimesanifiwa kihimili hali hiyo, kisipinduke wala kuvunjika. Halisemi nahodha atakuwa na raha, halisemi mkewe hatashika mguu wa meza. Tena linahesabiwa kwa idadi ya watu na mzigo uliotajwa kwenye bamba. Ukipakia zaidi, daraja limebaki gatini.

#29 MsafiriWaPwani
Nimecheki picha za bamba. Ni C kwa watu 6. Mke wangu amesoma #28 na anakusalimu, Mzee.

Swali jingine kabla sijasahau: nikiamua kuichukua, nikague nini? Ni ya miaka ya 1990.

#30 FundiNgama
Ya umri huo mimi ningeanza na sitaha na paa. Ni faiba juu, faiba chini, katikati mbao nyepesi ya balsa au povu. Kila palipotobolewa kwa parafujo, pale kwenye vishikio, kingo za madirisha, miguu ya paneli zile mbili za jua, maji huingia na kuozesha balsa kimya kimya. Chukua nyundo ya plastiki, gonga pole pole ukisikiliza. Sauti kali ni nzima. Sauti ya kufa, kama unagonga boksi lililolowa, mbao imeoza. Usione haya kugonga paa zima. Nusu saa hiyo imewaokoa wengi.

Halafu tangi la mafuta. Kama ni la alumini na limekaa juu ya kitu kinachoshika unyevu, linatoboka kutoka chini usikoona. Liko chini ya sitaha, upana wote: waulize kulitoa inabidi ukate nini. Nimeona boti ambazo lazima ukate sakafu.

Mashine: fungua kofia ya mafuta kabla haijawashwa, iwe baridi. Wakikupokea na mashine ya moto, rudi siku nyingine. Angalia kiwiko cha bomba la moshi pale maji ya bahari yanapoungana na moshi. Kinaozea kwa ndani, na kikitoboka maji yanarudi kwenye silinda. Uliza impela, lile pangaboi la mpira ndani ya pampu ya maji ya kupozea, ilibadilishwa lini. Toa chujio, mimina kwenye chupa ya kioo, acha dakika 10: ukiona utando mweusi kati ya mafuta na maji, vidudu vimeshafanya makao tangini.

Chini ya maji, malengelenge kwenye faiba kwa umri huo ni ya kawaida, mengi ni ya rangi tu. Mkaguzi anayejitegemea ndiye aseme, si mimi wala muuzaji.

#31 KapteniMdogo
Na upana, mkuu. Kama unafikiria trela, Marekani kikomo bila kibali ni futi 8 na nusu, yaani mita 2.59, na Ulaya ni mita 2.55. Nordic Tug 26 ina futi 9 na nusu, Ranger Tugs 25 ina 8 na nusu. Futi moja hiyo kulala kwake ni raha, ila barabarani ni makaratasi.

#32 MsafiriWaPwani
Trela sina mpango, itakaa majini. Asante.

#33 MsafiriWaPwani
Wakuu, nimerudi na taarifa. Jana nimeijaribu tena. Vibao vya trimu nilivikuta chini, vyote viwili, zaidi ya nusu! Nimevinyanyua vyote. Kidau nimeomba kishushwe. Tangi walikuwa wamelijaza. Na kurudi nilikwenda noti 5 na nusu kama Mwalimu alivyosema. Imekuwa boti nyingine, mke wangu amepika chai tunarudi.

#34 FundiNgama
Vibao. Nilisema.

#35 Baharia77
Paa. Nilisema kabla yako.

#36 MwanaHisabati
Ndugu zangu, amebadilisha mambo manne kwa mara moja. Hakuna aliyethibitishwa. Na bahari ya jana, MsafiriWaPwani, ilikuwaje?

#37 MsafiriWaPwani
Ilikuwa ndogo kidogo. Sentimita 60 labda. Siku ile karibu 90.

#38 SerahangiMstaafu
Basi hata bahari imebadilika, yamekuwa matano. Na mimi naongeza la sita ambalo hamjalitaja: mkono. Usukani wa mkono wa boti hizi unafanya kazi kwa mafuta ya haidroliki, mizunguko 5 au 6 kutoka mwisho hadi mwisho. Aliyezoea gari anazungusha nusu, anasubiri, anaona kimya, anazungusha mawili zaidi, kisha lile la kwanza linafika na boti inapitiliza. Jana ulikuwa safari ya pili, mkono umeshaanza kujua. Nakuomba ujaribu mara ya tatu, bahari ya siku ile, vibao juu, kidau kikiwa paani. Kimoja kimoja.

#39 BintiUsukani
Na ukiwa huko, boti ikiwa nje ya maji kwa ukaguzi, pima usukani. Urefu na upana wake. Kanuni wanayoitumia mafundi: chukua urefu wa boti majini mara kina chake, hilo ni eneo la ubavu. Boti ya mwendo wa polepole inataka usukani wa asilimia 3 hadi 5 ya eneo hilo. Za kasi zinapewa 2 au chini. Tuone yako iko wapi.

#40 MsafiriWaPwani
Nimepima leo asubuhi. Usukani ni sentimita 42 kwa 38, sawa na mita za mraba 0.16. Boti ni mita 7.5 majini, kina 0.85, eneo 6.4. Inatoka asilimia 2.5.

#41 MwanaHisabati
Katikati kabisa.

#42 BintiUsukani
Ni ndogo kwa noti 6. Ongeza.

#43 FundiNgama
Subiri, usikate chochote bado. Hiyo 38 umepima kuanzia shafti ya usukani kwenda nyuma, au na kile kipande kilicho mbele ya shafti?